Baridi ya Nkungwe haihitaji jaketi la Kilimanjaro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Hivi karibuni mlitoa makala ya vifaa vya kupandia milima. Binti yangu hunisomea gazeti jioni nikiwa nashona nyavu, na alipofika kwenye orodha ya nguo nikamwambia arudie. Jaketi nene la manyoya ya bata, suruali mbili, kofia ya sufu, glavu jozi mbili. Sina ugomvi na orodha hiyo kwa mtu anayekwenda kusimama kilele cha Uhuru, mita 5,895. Lakini gazeti lenu linasomwa hadi Kalya, na huku kwetu nako kuna milima. Kijana wa Uvinza akiisoma ile orodha ataona mlima ni wa wenye hela. Au atafanya kama nilivyoona wengi wakifanya: anaazima jaketi la bodaboda la kaka yake, anapanda nalo nusu saa, jasho linammwagika, analivua analifunga kiunoni, na mpaka jioni linaning'inia nyuma kama mkia.

Nimebeba mizigo ya wageni katika hifadhi ya milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, miaka kumi na tisa. Nimezaliwa Lagosa, mlima Nkungwe, mrefu kuliko yote ya Mahale, niliuona kabla sijajua kusema, na kilichoniondoa kazini ni magoti. Sasa nakaa Mwanga, hapa Kigoma mjini, na mke wangu anauza masweta ya mitumba. Kwa hiyo habari ya sweta la kupandia mlima naijua pande zote mbili, ya mgongoni na ya mezani, na nikinyamaza nitakuwa nimekula riziki ya bure.

Tuanze na baridi yenyewe. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kama mita 773 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Nkungwe kiko mita 2,462. Ukipanda mita elfu moja joto hupungua kama nyuzijoto sita na nusu, kwa hiyo mchana wa nyuzi 28 ufukweni ni kama nyuzi 17 kule juu. Mtu wa Njombe atacheka. Nyuzi 17 kwao ni siku ya kuanika mahindi. Tatizo ni namna unavyofika huko. Mahale hatutembei kwa gari. Unashuka kwenye boti, unaanza kwa miguu, na njia nayo inaanza kupanda. Chini ni msitu wenye joto na unyevu, fulana inakuganda mgongoni mara moja. Mbele kuna mianzi, na asubuhi mianzi inakumwagia umande shingoni. Ukitoka kwenye mianzi unaingia nyasi tupu, na wakati wa kiangazi upepo wa kusi unapita pale bila kumsalimia mtu. Hapo ndipo aliyelowa jasho anapoanza kutetemeka, tena juani.

Nguo inayotakiwa basi ni ile utakayoweza kupanda nayo, jasho likipita. Mke wangu huiita sweta la manyoya. Wageni wanaiita kwa jina ambalo sisi wapagazi tumelizoea kulitamka flizi. Nazungumzia ile nyepesi, yenye kofia iliyoshonwa humo humo. Inavaliwa katikati: ndani fulana, juu yake flizi, na koti la mvua juu ya vyote likihitajika.

Nilivyoijua ni hivi. Mwaka wangu wa tatu kazini, mwezi wa kumi na moja, mvua zimeshaanza, tulikuwa wapagazi watano. Kampuni iliyotuchukua safari ile, jina naliacha, ilitugawia hudi mpya za pamba, yale masweta ya kofia, zenye maandishi makubwa mgongoni. Nzito, nzuri, bado zinanukia duka. Wenzangu wanne walizivaa. Ya kwangu niliiacha nyumbani kwa ajili ya mdogo wangu, nikavaa flizi ya kijivu niliyopewa na mgeni mwaka uliotangulia, imechakaa viwikoni. Nilichekwa njia nzima.

Mvua ilitukuta kwenye nyasi. Haikuchukua hata saa moja, lakini ilituosha. Mdogo wetu kuliko wote, kijana wa Kalya, hudi yake ilikunywa maji mpaka mikono ikarefuka ikafunika vidole. Mwanzoni alitetemeka, tukamtania, naye akatujibu. Baadaye akaacha kujibu. Akawa anaanza neno halimalizi, na kila tukisimama yeye anakaa chini. Mgeni wetu ndiye aliyesema huyu avuliwe sasa hivi. Tukamvua. Nikavua flizi yangu, nikaikamua kama tambara la deki, nikaikung'uta mara tatu hewani, nikamvisha, nikamfunika kofia, koti la mvua la mgeni likaja juu yake. Mimi nikabaki na fulana na kiroba cha mchele nilichokitoboa tundu la kichwa. Tulishuka naye polepole hadi kwenye miti, tukachemsha chai, tukatia sukari bila kuhesabu. Alipoanza kunidai sigara yake nikajua amerudi. Hudi yake tuliianika kambini siku mbili na tuliondoka nayo mbichi.

Nikaanza kuuliza wageni sababu, na kwa miaka hiyo yote majibu yao yalikuwa yale yale. Flizi hutengenezwa kwa uzi wa poliesta, ambao ni plastiki, na uzi huo haunywi maji. Hata ukiuzamisha, maji yanayoingia ndani ya uzi wenyewe hayafiki asilimia moja ya uzito wake. Mengine yamekaa tu katikati ya manyoya, ndiyo maana ukikung'uta yanaruka. Pamba inanywa, na ikishakunywa inayashikilia. Kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa kwenye manyoya, na maji yakichukua nafasi ya hewa joto la mwili linakimbia kwa kasi ya kama mara ishirini na tano.

Mmarekani mmoja aliniambia sweta lake lilikuwa chupa za maji. Nilidhani ananifanyia mzaha mtu wa kijijini. Kumbe kweli. Kitambaa hiki kilitoka kiwanda cha Malden Mills kule Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1993 kampuni ya nguo ya Patagonia wakaanza kushona flizi za nyuzi zilizotokana na chupa za plastiki. Siku hizi nikipita Kibirizi nikaona chupa zinaelea kati ya mitumbwi, nahesabu masweta.

Sasa, kuchagua. Flizi hupimwa kwa gramu za mita moja ya mraba ya kitambaa, na namba ambazo wazoefu huzitaja ni 100, 200 na 300. Kwa Nkungwe, au kwa anayetembea vilima vya Manyovu asubuhi ya Julai ukungu haujanyanyuka, chagua 100 au jirani yake. Ile 300 ni blanketi lenye mikono. Utaivaa ukiwa umekaa, na ukianza kupanda utaivua, na nguo iliyo ndani ya begi haimpi mtu joto. Kuna nyingine kwa ndani zina vijumba vidogo vidogo vya mraba, manyoya yamekaa kwa mistari, kati yake kuna njia za hewa. Ukikutana nayo hiyo usiiachie hata kama rangi haikupendezi. Yangu ya mwisho ilikuwa ya waridi, ya kike, zipu inafungwa kwa mkono usiouzoea. Nilipanda nayo misimu sita.

Mitumba huja lebo zimekatwa, kwa hiyo namba hutaiona. Mimi nachukua sweta hadi kwa jirani yetu anayeuza dagaa, naliweka kwenye mizani. La mtu mzima likiwa kati ya gramu 250 na 350, tunazungumza. Likikaribia nusu kilo, narudisha. Mama yule ameshanizoea, siku hizi ananiuliza tu, "Leo dagaa wako wana kofia?"

Halafu linyanyue juani uweke mkono nyuma yake: kivuli cha vidole kionekane. Lisogeze mdomoni upulize: pumzi ipite. Hapa ndipo vijana wa bodaboda wanapokosana na mke wangu. Wananunua Jumatatu, Jumatano wamelirudisha, wanasema sweta halizuii upepo. Wako sahihi kabisa, haliuzuii, na wala halikushonwa kwa kazi hiyo. Mlango unaotoka jasho ndio huo huo unaoingia upepo. Upepo ukizidi unavaa koti la mvua juu, hata lile jembamba la bei ya chini, na ghafla flizi inakuwa na joto mara mbili. Mwenye pikipiki hatoki jasho, anunue jaketi la ngozi atuachie haya.

Kama una shaka kuwa ni pamba iliyochanganywa, mwombe mwenye meza ruhusa, nyofoa unyoya mdogo kwenye kitambaa chenyewe uuchome kwa kiberiti. Usichukue uzi wa mshono, maana hata nguo ya pamba hushonwa kwa uzi wa poliesta na utadanganyika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kitone kigumu cheusi. Pamba inawaka kama karatasi na majivu yake ni laini. Tazama pia manyoya ya ndani: yakiwa yamelala na kujaa vinundu, hewa itakaa wapi? Hilo lilishafanya kazi yake huko lilikotoka, liache.

Kuhusu kofia ndipo ninapobishana na watu, mke wangu akiwa wa kwanza. Yeye anasema kofia ya kufuma ya elfu mbili inatosha. Nimepoteza nne kwenye mianzi, nyingine sikujua imeondoka mpaka jioni. Kofia ya kushonwa haipotei, na inafunika shingo, mahali ambapo maji ya mianzi hupapenda kuliko pote. Mgeni mwenye begi mgongoni anaivuta upepo ukija, anaiachia ukipita, hasimami. Sisi wa mzigo kichwani ni tofauti kidogo: huwezi kuivuta bila kutua, kwa hiyo tunaivaa tangu asubuhi, ngata inakaa juu yake, na joto likizidi unafungua zipu hadi kifuani. Ndiyo sababu nasema iwe nyembamba. Kofia nene inateleza chini ya ngata, ngata inateleza na sanduku, na maneno utakayoambiwa na mwenye sanduku hutayasahau. Hata kwa asiyebeba, kofia nene ikikutana na kofia ya koti la mvua kichwa kinakuwa kama cha mdudu.

Ijaribu pale pale sokoni. Vaa kofia, funga zipu mpaka kidevuni, kisha geuza shingo kushoto kama unayemwangalia kondakta anayekudai. Kofia igeuke pamoja na kichwa. Ikibaki ilipo na jicho lako likawa linatazama kitambaa, hiyo ilishonwa kwa ajili ya picha. Nyanyua mikono yote miwili juu. Tumbo likionekana, mgongo utaonekana pia na upepo utauona kabla yako. Zipu nzima au nusu, chagua upendavyo, nusu ni nyepesi zaidi. Mifuko ya chini inabanwa na mkanda wa begi, mmoja wa kifuani unatosha.

Nisiisifie kupita kiasi. Flizi na moto haviko pamoja. Ile ya kijivu iliyomwokoa kijana wa Kalya iliishia jikoni kwa mama mkwe wangu Manyovu; cheche moja kutoka kwenye kuni na mkono mzima ukajikunja kama jani la muhogo. Aliniuliza kama wazungu wanavaa mishumaa. Pasi pia usiiguse. Na kuna hili ambalo binti yangu alinisomea likanikosesha raha: utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba vazi moja la namna hii linaweza kuachia zaidi ya nyuzi 1,900 katika fuo moja. Nyuzi hizo ni plastiki, na sisi tulizoea kufulia ziwani, hapo hapo tunapovua tunachokula. Tangu siku hiyo ya kwangu nafulia kwenye beseni, maji ya baridi, sabuni kidogo, na maji machafu namwaga shimoni mbali na ufukwe. Najua hilo halimalizi tatizo. Kuifua mara chache kunasaidia zaidi, na mke wangu ana maoni yake kuhusu harufu.

Ndugu Mhariri, lililonifanya nikuandikie hasa ni mambo mawili. La kwanza nimeliona tena mwezi Januari. Shule zinapofunguliwa wazazi wanatafuta masweta, na shule nyingi hazitaki sweta lenye kofia. Belo likifunguliwa, flizi nyepesi za bluu na kijani zinakwenda moja kwa moja kwa fundi. Mkasi unapita shingoni, kola inapindwa, sweta linauzwa elfu saba. Kofia zinabaki chini ya cherehani, jioni vijana wanaziokota kufutia pikipiki. Mzazi simlaumu, mtoto lazima avae, na elfu saba ni elfu saba. Ninachowaomba mafundi wa Mwanga ni kupuliza kidogo kabla ya kukata. Yale mazito yasiyopitisha pumzi ndiyo mazuri kwa mtoto aliyekaa darasani asubuhi ya Kasulu, hayo kateni. Yale mepesi ya vijumba wekeni pembeni. Mpagazi atatoa elfu kumi na mbili bila kubishana, nami nitamleta mwenyewe hadi mezani.

La pili ni kwa kampuni zinazoleta wageni milimani huku. Hudi za pamba bado zinagawiwa. Msimu uliopita nilikwenda Kibirizi kuwaaga vijana waliochukua nafasi zetu, nikawakuta kwenye boti wamepanga mstari, wote wamependeza, wote wamevaa kitu kile kile kilichotaka kutuachia msiba. Siamini kuna ubaya wa roho hapo. Mtu wa ofisini anachagua sare kwa kuishika kwa mkono, na hudi nzito mkononi inaonekana ina thamani. Aipime ikiwa imelowa. Aitie kwenye ndoo, aitoe, aivae, apande ngazi za ofisi yake mara kumi. Kama ni lazima jina la kampuni lionekane, liandikwe dogo kifuani, kwa sababu rangi ile ya maandishi mgongoni inaziba kitambaa, na mgongo ndio unaotoka jasho kuliko mahali pengine.

Na ninyi mkiandika tena habari za milima, ombi langu ni dogo. Orodha ya Kilimanjaro ibaki ya Kilimanjaro. Chini yake ongezeni mistari minne kwa ajili ya milima yetu ya huku chini ya mita 2,500: fulana isiyo ya pamba, flizi nyepesi yenye kofia, koti la mvua, soksi za kubadilisha. Vyote hivyo mtu anaweza kuvikusanya Mwanga kwa siku moja kwa fedha isiyofika nusu ya bei ya lile jaketi la bata, na abaki na nauli ya boti.

Mke wangu anafungua belo Jumamosi. Amekubali niwe wa kwanza kuchambua, kwa sharti kwamba nilipe kama mteja mwingine yeyote, na kwamba mizani ya dagaa nisiilete tena nyumbani. Fundi wa jirani nimeshamwomba asishike mkasi mpaka nifike.

Wako,
Mpagazi mstaafu,
Mwanga, Kigoma